Mgongano wa maslahi kwa viongozi wa kujitolea katika miji midogo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni ya wajumbe wa mabaraza, bodi na kamati za miji midogo, watu wenye kazi zao mchana na vikao jioni, ambao hawalipwi au wanaambulia posho ya kikao tu. Sheria hutofautiana nchi kwa nchi, kwa hiyo kanuni za baraza lako zisome kwanza. Pale ambapo utaratibu wa hapa ni mkali kuliko wa kwenu, kuufuata hakuvunji kitu.

Mgongano wa maslahi ni nini hasa?

Ni kuwa na jambo lako ndani ya uamuzi unaotakiwa kuutoa kwa niaba ya mji. Jambo hilo linaweza kuwa fedha, ardhi, ajira, biashara, undugu au cheo ulichonacho katika chama kingine. Wahenga walishasema mwamba ngoma huvutia kwake. Sheria nyingi hazisubiri uthibitisho kwamba ulivuta. Zinatazama kama ulikuwa umeshika ngozi.

Kuwa na mgongano si kosa. Fundi umeme akichaguliwa kuingia bodi ya majengo, migongano itamfuata kila mwezi, na huenda alichaguliwa kwa sababu anaujua umeme. Kosa huanza anapouficha mgongano, au anapobaki mezani baada ya kuutaja.

Mwongozo wa OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo, wa mwaka 2003 unatenganisha mgongano halisi, unaoonekana na unaoweza kutokea. Tuseme mke wako ana kampuni ya kuchimba visima. Ameomba zabuni iliyo mbele ya bodi yako: huo ni halisi. Aliyeomba ni rafiki yake wa karibu, wala mkeo hana hisa yoyote kwake: huo unaoonekana, kwa sababu mtu wa nje hawezi kujua kama hisa zipo au hazipo. Bodi ndiyo kwanza inaandaa mpango wa visima wa mwaka ujao: huo unaweza kutokea. Huu wa tatu husahaulika sana, na ndio wenye tiba nyepesi, maana hakuna aliyeomba kitu bado.

Mimi silipwi hata senti moja. Haya yananihusu kweli?

Yanakuhusu. Kinacholindwa ni uamuzi wa mji, na uamuzi hauna habari na mshahara wako. Barabara ikipitishwa mbele ya kiwanja chako, thamani ya kiwanja inapanda vilevile, ulipwe usilipwe.

Uingereza ni mfano mzuri. Madiwani wa mabaraza madogo ya vijiji na vitongoji huko kwa kawaida hufanya kazi bila mshahara, lakini sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 2011 inawabana sawasawa na wa majiji makubwa. Ndani ya siku 28 tangu waingie madarakani wanatakiwa kusajili maslahi yao ya kifedha, pamoja na ya mke, mume au mwenza wanayeishi naye. Kutofanya hivyo bila sababu ya msingi ni kosa la jinai, na mahakama inaweza kumzuia mtu kushika nafasi hiyo kwa muda wa hadi miaka 5. Jimbo la Massachusetts nchini Marekani nalo huwahesabu wajumbe wasiolipwa kama watumishi wa mji. Linawalegezea baadhi ya masharti, hasa ya kufanya kazi nyingine na mji huohuo, lakini haliwaruhusu kuamua jambo linalogusa mifuko yao.

Hoja ya "najitolea, mnataka nini zaidi" inaeleweka, na watu huitamka kwa uchungu wa kweli. Ila hakuna chombo cha maadili tunachokijua kilichowahi kuikubali kama utetezi.

Mji wetu ni mdogo, kila mtu ni ndugu au jirani wa kila mtu. Tukijiondoa wote, nani atabaki?

Hili ndilo swali zito kuliko yote humu. Jibu lake linaanza kwa kupima uamuzi wenyewe kabla ya kuhesabu ndugu. Jiulize: uamuzi huu unanigusa kama mkazi tu, au unanigusa mimi na wachache?

Bei ya maji kwa kaya zote, kodi ya majengo kwa mji mzima, saa za kufungua maktaba: hapo kaa, jadili, piga kura. Unalipa kama wengine. Kuweka lami kwenye barabara yenye nyumba 9, na mojawapo ni yako: toka. Kati ya hayo mawili kuna eneo la ukungu. Mfano ni ushuru wa vibanda vya soko wakati wewe ni mmoja wa wenye vibanda 60. Hapo angalia mambo mawili: kundi lako ni sehemu gani ya mji, na je, wewe unapata zaidi ya wenzako wa kundi hilo? Mwenye kibanda kimoja hayuko sawa na mwenye vibanda 12.

Kwa ardhi, baadhi ya sheria hupima kwa futi. Kanuni za California huchukulia kuwa uamuzi kuhusu mali iliyo ndani ya futi 500 (kama mita 152) kutoka kwenye mali ya kiongozi unamgusa, mpaka kuwe na ushahidi wa wazi kwamba haumgusi. Hata kama kwenu hakuna kipimo cha namna hiyo, kamati inaweza kujiwekea. Ni afadhali kubishana juu ya futi kuliko kubishana juu ya nia ya mtu.

Kwa jirani wa kawaida na mtu mnayesali naye, kwa kawaida inatosha kutamka: "Nafahamiana na mwombaji, hatuna biashara wala undugu, naona naweza kuamua kwa haki." Sentensi hiyo moja iingie kwenye muhtasari. Ujuzi wa mji mdogo si dhambi, lakini usipotamkwa, atautamka mtu mwingine kwa niaba yako, na hatautamka kwa upole.

Undugu unahesabiwa hadi wapi?

Fuata orodha ya sheria yenu kwanza. Massachusetts, kwa mfano, inahesabu wewe na mwenzi wako, pamoja na wazazi, watoto, kaka na dada wa pande zote mbili. Shemeji aliye kaka wa mkeo yumo, binamu hayumo.

Orodha ni sakafu, si dari. Binamu anayeishi nyumbani kwako, anayekudai au unayemsomesha ni wa karibu kuliko kaka ambaye hamjaonana kwa miaka 10. Pima kwa pesa na makazi, kisha kwa damu.

Nitajuaje kabla ya kikao kwamba nina mgongano?

Ajenda ikifika, isome na kalamu mkononi, angalau siku mbili kabla ya kikao. Kwa kila kipengele jiulize: nani atalipwa, nani atapewa kibali, nani atanyimwa, ni ardhi ipi, na ni nani anayeonekana kwenye viambatisho? Swali la mwisho ndilo linalowanasa wengi. Ajenda husema "Maombi ya leseni namba 3", na jina la mwajiri wako limekaa ukurasa wa 11 wa kiambatisho.

Ukiona jambo, mwandikie katibu siku hiyohiyo, mistari miwili tu. Atajua kama akidi, yaani idadi ya chini ya wajumbe inayotakiwa ili kikao kiamue, itatosha na kama aite mjumbe wa akiba. Kutangaza mgongano dakika ambayo hoja inasomwa ni halali mahali pengi, ila huiacha bodi ikihangaika mbele ya wananchi.

Kujiondoa kunafanywaje, hatua kwa hatua?

Kwanza, tamka kabla mjadala haujaanza. Ukitamka baada ya kuchangia, umeshachangia. Taja kipengele cha ajenda, taja maslahi yenyewe, na useme kwamba unajiondoa. "Nina mgongano" pekee haitoshi, kwa sababu haimwambii mwananchi chochote. "Kampuni iliyoomba inanilipa mshahara" inatosha. Kiasi cha mshahara hakihitajiki.

Pili, mwenyekiti alitambue tamko lako na katibu aliandike. Kama mwenye mgongano ni mwenyekiti mwenyewe, anakabidhi kiti kwa makamu kabla ya kipengele kusomwa, si katikati yake.

Tatu, kusanya makaratasi yako, inuka, toka nje ya chumba. Usihamie kiti cha nyuma. Usisimame mlangoni. Mjumbe aliyekaa safu ya kwanza ya wananchi, mikono kifuani, akimtazama kila mwenzake anayesema, bado yuko kikaoni kwa kila maana isipokuwa ya kisheria, na mara nyingine hata ya kisheria. Kikao kikiwa kwa njia ya mtandao, katibu akuhamishie kwenye chumba cha kusubiri. Kuzima kamera na kipaza sauti si kutoka.

Nne, ukiwa nje acha simu. Ujumbe mmoja kwa mjumbe aliye ndani, hata wa "mmefikia wapi?", unafuta yote uliyofanya, na simu hizo zinaweza kuja kutakiwa kama ushahidi.

Tano, rudi ukiitwa, baada ya kura kuhesabiwa na kipengele kufungwa.

Muhtasari usomeke hivi: "Kipengele cha 6, maombi ya kibali cha ujenzi, kiwanja namba 14. Mjumbe A alitamka kuwa kiwanja hicho kinapakana na nyumba yake. Alitoka ukumbini saa 1:42 jioni. Walibaki wajumbe 4, akidi ilitimia. Hoja ilipita kwa kura 3 dhidi ya 1. Mjumbe A alirudi saa 2:05 usiku." Saa hizo mbili zina kazi. Mtu akikata rufaa miezi 8 baadaye, wakati hakuna anayekumbuka nani alikuwa wapi, zitakuwa ndiyo utetezi wenu pekee.

Na jambo moja ambalo makatibu wengi hulikosea: mtu aliyejiondoa haandikwi kama "hakupiga kura" wala "kura ya kutoegemea upande". Anaandikwa kwamba hakuwepo kwa kipengele hicho. Katika baadhi ya kanuni, kura ya kutoegemea huhesabiwa kwenye jumla na inaweza kuiangusha hoja.

Nikibaki mezani kimya, bila kupiga kura, si ni sawa?

Hapana. Mwaka 1924 mahakama ya Uingereza ilishughulikia kesi kutoka Sussex iliyohusu karani wa mahakimu. Dereva alikuwa ameshtakiwa baada ya ajali, na kampuni ya mawakili ya karani huyo ilikuwa inamwakilisha mtu aliyekuwa akidai fidia kwa ajali hiyohiyo. Mahakimu walipokwenda faragha kuamua, karani aliingia nao. Hawakumuuliza kitu, naye hakusema kitu. Hukumu ilifutwa hata hivyo, na hapo ndipo uliposimikwa msemo unaonukuliwa mpaka leo kwamba haki itendeke na ionekane ikitendeka.

Mwili wako chumbani una sauti. Wenzako mtakutana kesho sokoni, na kila mmoja anajua anayemkatalia ni nani.

Nikishatoka, naweza kurudi kuzungumza kama mwananchi wa kawaida?

Inategemea kanuni zenu, basi uliza mapema. Sehemu nyingi huruhusu mtu kujitetea kwa mali yake mwenyewe: ombi lako la kibali, rufaa yako ya kodi. Unapanda jukwaa la wananchi, unataja jina lako na kwamba unazungumza kama mwombaji, unatumia dakika zilezile wanazopewa wengine, kisha unatoka tena. Kumzungumzia mtu mwingine ni suala jingine kabisa. Mjumbe anayemwakilisha mteja, mwajiri au rafiki mbele ya bodi ya mji wake anavunja sheria mahali pengi, hata kama si bodi anayokaa yeye. Njia salama ni kumtuma fundi, msanifu au wakili wako akazungumze, nawe ukae nyumbani.

Wengi wakijiondoa na akidi ikavunjika?

Chukua bodi ya watu 5 yenye akidi ya 3. Wawili wana mgongano, mmoja anaumwa, wamebaki 2. Mambo yafuatayo hujaribiwa kwa mpangilio huu, na mpangilio una maana yake.

Kuahirisha huja kwanza. Mgonjwa atapona, na mara nyingi wiki mbili hazimuumizi mtu. Kama hilo haliwezekani, aitwe mjumbe wa akiba, ikiwa kanuni zinamruhusu. Baada ya hapo ni kibali maalum kutoka kwa mamlaka ya juu au, kama ilivyo Uingereza, kutoka kwa baraza lenyewe kwa maombi ya maandishi, pale ambapo waliozuiwa ni wengi kiasi cha kukwamisha kazi. Mwisho kabisa ni ile inayoitwa kanuni ya ulazima: kama hakuna chombo kingine chenye mamlaka ya kuamua, na sheria inataka uamuzi utolewe, waliojiondoa hurudishwa ili jambo lisife.

Kanuni hii hutumiwa vibaya. Haifanyi kazi pale ambapo mtu amesafiri tu. Kabla ya kuitumia, kila mwenye mgongano atamke wazi maslahi yake, mwanasheria wa mji atoe ushauri wa maandishi, na muhtasari ueleze kwa nini njia nyingine zote zimeshindikana. Bodi inayoitumia mara tatu kwa mwaka haina tatizo la akidi. Ina tatizo la namna inavyoteuliwa.

Jueni pia mapema kama mtu aliyejiondoa anahesabiwa kwenye akidi. Kanuni nyingine zinasema ndiyo, nyingine hapana, na hili si jambo la kulitafuta kwenye kijitabu saa mbili usiku.

Kampuni yangu, au ya ndugu yangu, ndiyo pekee mjini inayoweza kufanya kazi hiyo. Tufanyeje?

Anza na sheria, kwa sababu kuna mahali ambapo kujiondoa hakusaidii kabisa. California, kifungu cha 1090 cha sheria za serikali kinaufanya mkataba kuwa batili kama mjumbe mmoja wa bodi ana maslahi ya kifedha ndani yake, hata kama alitoka chumbani. Kuna misamaha, lakini ina masharti. Kwingine mkataba unaruhusiwa kwa masharti: tangazo la wazi, tamko la maandishi, na mjumbe kukaa mbali.

Pale unaporuhusiwa, kukaa mbali kunaanza mapema kuliko watu wanavyodhani. Kunaanza wakati vigezo vya kazi vinaandikwa. Zabuni inayodai "tingatinga la tani 8 lenye ndoo ya futi 4" wakati wewe ndiye mwenye tingatinga hilo imeshaamuliwa kabla ya kutangazwa, hata ukienda kujifungia chumba cha pili siku ya kura. Vigezo vieleze matokeo yanayotakiwa: urefu wa mtaro, kina, muda wa kumaliza. Nyaraka zitoke kwa katibu kwa waombaji wote siku moja. Swali la mwombaji mmoja lijibiwe kwa wote. Bahasha zifunguliwe hadharani, na bei zisomwe kwa sauti.

Kisha kuna sehemu inayosahauliwa zaidi ya zote, yaani baada ya kusaini. Nani anakagua kazi? Nani anaidhinisha ankara? Nani anaamua kama kazi ya ziada ni ya ziada kweli? Mkataba wa mjumbe hukaguliwa na mtu asiye chini yake, na jina la mtu huyo liandikwe kwenye azimio la kutoa kazi. Mhandisi wa mji ambaye mkataba wake wa ajira unahuishwa na bodi yako si mtu huru kwako. Tafuteni mkaguzi kutoka mji jirani. Miji inaweza kubadilishana huduma hii.

Epukeni kuikata kazi vipande. Ukarabati mmoja wa paa ukigawanywa katika ankara nne, kila moja ikiwa chini kidogo ya kiwango cha kuitisha zabuni, mkaguzi wa hesabu huuona ndani ya dakika tano, kwa sababu tarehe zinafuatana na jina ni lilelile.

Dharura ni kisa cha peke yake. Bomba kuu limepasuka usiku na mwenye mashine pekee ni mjumbe. Afanye kinachozuia hasara na si zaidi: kufunga maji, kuchimba, kuziba. Mtu mwingine mwenye mamlaka, si yeye, atoe idhini, hata kwa ujumbe wa simu, akitaja bei kwa saa. Saa za kazi ziandikwe papo hapo na shahidi asaini. Kikao kinachofuata kipokee taarifa na kuidhinisha malipo bila mjumbe huyo. Kubadilisha bomba zima la mtaa, kazi ambayo hujitokeza kila mara shimo likishakuwa wazi, si dharura tena.

Hoja ilipita kwa kura zote. Hata bila kura yangu ingepita. Tatizo liko wapi?

Tatizo ni kwamba hakuna awezaye kupima nguvu ya maneno yako kabla ya kura. Hata cheo hakiokoi. Mwaka 1852 bunge la juu la Uingereza, likikaa kama mahakama, lilitengua uamuzi wa Lord Cottenham, aliyekuwa Lord Chancellor, yaani mmoja wa majaji wakuu kabisa wa nchi hiyo, kwa sababu alikuwa na hisa katika kampuni ya mfereji aliyoiamulia kesi. Waliotengua walisema wazi kwamba hakuna aliyedhani hisa hizo zilimyumbisha. Uamuzi ulianguka hivyohivyo.

Kwa mji mdogo hasara hiyo ni ya vitendo: kibali kinarudi mwanzo, mjenzi anadai fidia, mwanasheria analipwa.

Zawadi je?

Mkono mtupu haulambwi, na wauzaji wanalijua hilo. Wekeni kiwango cha thamani na mkiandike. Massachusetts hutumia dola 50, na zawadi ndogondogo kutoka kwa mtu mmoja kwa sababu moja zinaweza kujumlishwa. Chini ya kiwango bado uliza: ningepewa hiki kama nisingekuwa kwenye bodi? Zawadi iliyokwisha kufika irudishwe na barua fupi, nakala kwa katibu. Kama haiwezi kurudishwa, iende kwa mji na iandikwe kwenye daftari. Kuigawa kwa majirani ni ukarimu, lakini bado uliipokea.

Mimi ni mjumbe wa kamati ya bajeti na pia mweka hazina wa klabu ya michezo inayoomba ruzuku. Sipati chochote binafsi.

Hapa hakuna pesa inayoingia mfukoni, na ndiyo maana watu wema hunaswa hapa kuliko kwingine. Una wajibu kwa pande mbili kwa wakati mmoja: klabu inataka ruzuku kubwa iwezekanavyo, mji unataka kugawa sawa. Huwezi kuwatumikia wote kwenye kura moja. Kama una cheo katika klabu, jiondoe. Kama ni mwanachama tu mwenye kadi, tamka na ubaki, isipokuwa klabu ni ndogo mno.

Mtego wa bajeti ni kwamba ruzuku ya klabu ni mstari mmoja kati ya mistari 80. Dawa yake ni kuutenga: mwenyekiti aitishe mjadala na kura ya mstari huo peke yake, wewe ukiwa nje, kisha urudi kupigia kura bajeti nzima. Mpangilio huo huo unafaa kwa mwalimu anayekaa kwenye baraza linalopitisha bajeti ya shule.

Vipi kuhusu mambo ninayoyajua kwa sababu ya nafasi yangu?

Mji unapopanga kununua kiwanja, mjumbe aliyesikia hilo faraghani hawezi kununua kiwanja kilicho jirani nacho, wala kumdokeza kaka yake. Hapa kujiondoa kwenye kura hakutibu kitu. Zuio hudumu mpaka habari iwe ya wazi kwa wote.

Nina ugomvi na mwombaji. Huo nao ni mgongano?

Unaweza kuwa. Kesi ya mpaka inayoendelea, deni, talaka: jiondoe. Kumchukia tu kwa sababu ana kelele kwenye mikutano hakukuondoi. Hiyo ni kazi yenyewe.

Nimegundua mgongano baada ya kupiga kura. Sasa?

Mwandikie katibu na mwanasheria siku uliyogundua, ukieleza ulichojua na lini. Mkataba kama haujasainiwa, usisainiwe kwanza. Kikao kinachofuata kiweke kipengele cha kufikiria upya uamuzi, utamke maslahi yako, utoke, na wengine wajadili upya na kupiga kura upya. Kuithibitisha kura ya zamani kwa sentensi moja hakutoshi, kwa sababu mjadala wenyewe ulikuwa na doa. Muda wa kukata rufaa ukiwa bado unakimbia, wahusika wote waarifiwe. Usimwombe katibu arekebishe muhtasari wa zamani. Muhtasari huo ulieleza yaliyotokea, na yaliyotokea ni kwamba wewe ulikuwepo.

Mjumbe mwenzangu anakataa kujiondoa. Nina uwezo gani?

Zungumza naye kwanza, nje ya kikao, ukiwa na ukweli mkononi: "Mheshimiwa, nimeona jina la kampuni ya mwanao ukurasa wa 11. Umeliona?" Mara nyingi hajaliona. Akishikilia, mwombe mwenyekiti atafute ushauri wa mwanasheria kabla ya kikao. Ikishindikana, uliza hadharani kwa utaratibu wa kikao, bila kutuhumu, ili swali na jibu viingie kwenye muhtasari. Mabaraza mengi hayana mamlaka ya kumtoa mjumbe kwa nguvu. Uamuzi wa kujiondoa ni wake, na matokeo ni yake pia. Kwa hiyo hatua ya mwisho ni malalamiko kwa chombo cha maadili, yenye tarehe, kipengele cha ajenda na nakala za nyaraka. Maneno ya "kila mtu anajua" yaacheni nje.

Si heri nijiondoe kila ninapokuwa na shaka?

Shaka ya kweli, ndiyo. Lakini kuna wajumbe wanaotumia kujiondoa kama mwavuli wakati wa kura ngumu, wakiwaachia wenzao lawama. Ulichaguliwa uamue. Pale ambapo huna maslahi, kaa. Kama huna uhakika, peleka swali la maandishi kwa mwanasheria au chombo cha maadili, ukieleza ukweli wote. Mahali kama Massachusetts ushauri huo ni bure na wa siri, na ukiufuata baada ya kueleza ukweli wote unakukinga.

Daftari la maslahi liwe na nini?

Ajira na biashara zako na za mwenzi wako, ardhi na nyumba ndani ya mji, hisa katika kampuni zinazofanya kazi na mji, vyeo katika vyama, na madeni makubwa yasiyo ya benki. Ukurasa mmoja unatosha. Lijazwe upya kila mwaka na ndani ya siku 28 baada ya badiliko lolote. Katibu alipitie kila anapoandaa ajenda, ampigie simu mjumbe ambaye jina lake linagusana na kipengele. Daftari linalofungiwa kabatini mpaka mkaguzi aje halijamzuia mtu yeyote kuingia kikao asichopaswa kuingia.

Nikiacha nafasi, ninakuwa huru?

Si mara moja. Jambo ulilolishughulikia ukiwa mjumbe, usilirudie upande wa pili ukiwa unalipwa na mwombaji. Sheria nyingi huweka muda wa kusubiri, na kwa jambo lilelile ulilolishiriki mwenyewe nyingine hufunga mlango moja kwa moja. Mazungumzo ya kazi na mtu aliye mbele ya bodi yako ni mgongano tangu siku yanapoanza. Yatamke siku hiyo, hata kama mshahara haujatajwa.